UZI: Kumtafuta babu anayeitwa Otieno ni kama kutafuta omena (dagaa) mmoja pale ufuo wa Dunga, Kisumu

MjukuuWaReli
Wadau salamu kutoka Nakuru. Huu uzi nimeuahirisha tangu mwaka juzi lakini leo mvua imekataa kuisha hapa Kaloleni na stima bado iko, kwa hivyo wacha niuandike. Ni mrefu, ukiwa na haraka pita tu utarudi.

Mimi ni Otieno. Baba yangu ni Otieno. Nesi akiita "Otieno" kliniki tunasimama watu watatu na mmoja wetu ni mtoto wa miaka sita. Si mnajua vile majina yetu hutengenezwa, kijana akizaliwa usiku ni Otieno, jua likiwa juu ni Ochieng, asubuhi mapema Omondi, jioni Odhiambo, mvua ikinyesha Okoth. Sasa jiulize ni vijana wangapi wamezaliwa usiku kuanzia Yala mpaka Migori.

Babu mzaa baba ndiye Otieno wa kwanza ninayemjua. Petro Otieno, mtu wa reli, alikufa 1974 mimi bado sijazaliwa, akazikwa hapa hapa Nakuru. Hapo penyewe pana swali ambalo Mjaluo yeyote anayesoma hii ashaliuliza: kwetu mtu huzikwa kwao, kwani yeye hakuwa na kwao? Kila nikimuuliza mzee wangu anajibu kitu kimoja, "sisi ni watu wa Asembo," halafu anageuza stori anaanza mambo ya mpira. Asembo, huko Siaya, lakini wapi? Hajui. Alizaliwa kota za reli, akasoma hapa, Kijaluo chake watu wa Kisumu hukicheka mpaka wanashika mbavu.

Basi miaka mitatu iliyopita nikasema nitamtafuta, na kosa langu la kwanza ndilo limefanya niandike huu uzi. Nilianza kumtafuta Otieno. Niliangalia ramani nikaona Luanda K'Otieno, pale feri ya Mbita hutia nanga, iko upande huo huo wa Asembo na Uyoma, nikaruka kwa kiti, nikapigia baba simu usiku. Kumbe K'Otieno maana yake ni kwa Otieno tu. Otieno fulani. Usiku mwingine, mama mwingine.

Nikachukua likizo nikaenda Nairobi, Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, lile jengo la zamani la benki ambalo watu wote huambiana "tukutane hapo nje" na hawajawahi kuingia. Nikaomba mafaili ya mkoa wa Nyanza, yale huanza na PC/NZA. Nilifikiri ripoti za mwaka za DC, mkuu wa wilaya, zitakuwa na watu ndani. Wapi. Zina pamba, zina ng'ombe wagonjwa, zina kodi, zina chifu gani anasifiwa na chifu gani ni mlevi. Mtu wa kawaida utamkuta kwa kesi na barua za malalamiko, na huko sasa akina Otieno wamejaa: Otieno hajalipa kodi, Otieno ni shahidi, Otieno ameibiwa ng'ombe, Otieno ndiye mwizi. Siku mbili nikawa na picha 63 kwa simu na hakuna hata moja ningesema huyu ni wetu ama si wetu.

Nikitoka nikaongea na mzee mmoja aliyekuwa meza ya pembeni anasoma mambo ya mashamba, nikamlilia vile nimeteseka. Akaniuliza, hata hakuinua macho, "Na babake huyo Otieno, yeye pia alikuwa Otieno?"

Manze nilinyamaza.

Kwa sababu hapana. Zamani Mjaluo hakurithi jina la mwisho. Wewe ni Otieno wuod Ogutu, yaani mwana wa Ogutu, mtoto wako ni Okoth wuod Otieno, jina linahama kila kizazi. Ni misheni na shule na karani wa ofisi ndio walitaka jina lisimame mahali pamoja, likasimama pale lilipomkuta mtu, kwetu likamkuta babu. Kwa hivyo hili jina langu eti la ukoo lina umri wa babu tu. Nyuma yake hakuna Otieno, kuna mtu mwingine kabisa, na mimi nilikuwa nimemaliza siku mbili natafuta ukoo wa watu waliozaliwa usiku.

Nitaendelea, wacha nitoe nguo kwa kamba.

JamaaWaSection58
Bro si ufanye DNA tu? Unatema mate kwa kichupa unangoja wiki chache unajua wewe ni nani. Mafaili ni ya wazee

MjukuuWaReli
Niliifikiria hiyo. Shida ni kwamba DNA inakulinganisha na wengine waliotema mate, na binamu zangu wa Asembo hawajatema. Nitalipa pesa nipewe ramani yenye rangi inaniambia natoka Afrika Mashariki, kitu ambacho kioo cha bafuni kinaniambia bure.

Mstaafu_Kisumu
Kijana, ruhusu mzee achangie. Nilikuwa karani miaka mingi, sasa nipo nyumbani na wajukuu.

Swali langu la kwanza kwako lingekuwa, je, nyumbani hamna kipande, ile karatasi ya utambulisho ya wakati wa mkoloni? Sheria yake ilipitishwa 1915 lakini vita vikaichelewesha, ikaanza kufanya kazi mwishoni mwa 1919 na kuingia 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea nacho ndani ya mkebe mdogo wa chuma, wengi waliuning'iniza shingoni, Wakikuyu wakauita mbugi yaani kengele ya mbuzi. Mlikuwa na jina, alama ya kidole, wilaya, halafu kila mwajiri anajaza umeanza lini, umetoka lini, unalipwa ngapi. Kiliendelea mpaka mwisho wa miaka ya 1940. Watu walikichukia na walikuwa na haki, wengi walikitupa au kukichoma, lakini ambaye hakukichoma amewaachia nyinyi karatasi moja iliyobeba kijiji na maisha yake ya kazi.

Jambo la pili, jifunze majina ya zamani ya wilaya kabla hujaomba faili. Kisumu na Siaya yote ilikuwa Central Kavirondo. Kakamega, Bungoma na sehemu ya Busia ni North Kavirondo. Kisii na upande wa Homa Bay ni South Kavirondo. Mwaka 1948 hilo neno Kavirondo likaondolewa ikawa North, Central na South Nyanza. Anayetafuta Mkoa wa Magharibi kabla ya 1963 hatapata kitu kwa sababu haukuwepo. Na kabla ya 1902 huku kwetu kote mpaka Naivasha tulihesabiwa ni Uganda. Ukikutana na rupia kwenye karatasi isiyo na tarehe, jua umeshika kitu cha kabla ya shilingi kuingia miaka ya mwanzo ya 1920.

Cheti cha kuzaliwa cha Mwafrika kabla ya uhuru usijisumbue nacho sana. Kuandikisha vizazi kulianza kuwa lazima kwetu 1963, wilaya kwa wilaya, ikafika nchi nzima 1971.

Na zile alama "s/o" makarani walizoandika, maana yake mwana wa. Ukiona Otieno s/o fulani, dhahabu iko kulia, siyo kushoto.

Wafula_Chwele
Mzee hapo kwa s/o umemaliza 😂

Lakini wewe MjukuuWaReli unalia na Otieno, mimi nifanyeje? Mimi Wafula, mtoto wa mvua. Dada yangu Nafula. Babu Wafula, maana kwetu Bukusu unapewa jina la mzee aliyetangulia, kwa hivyo jina linaruka kizazi linarudi, linaruka linarudi. Kwa shamba letu kuna Wafula wanne kwa karatasi na kila mmoja watoto wake wanasema ndiye wa kwanza. Ikienda kwa kesi hata wakili anachanganyikiwa.

Mstaafu_Kisumu
Wafula, nyinyi mna kitu ambacho sisi hatuna. Rika.

Wafula_Chwele
Ni kweli mzee, na ndiyo iliyotuokoa, wacha nieleze wengine. Tunatahiri kila mwaka wa namba shufwa, Agosti, na marika ni manane yanazunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, halafu inaanza upya. Kinyikeu ni 1936 mpaka 1946, Nyange 1948 mpaka 1958. Mzee wa kwetu hajui alizaliwa lini, ukimuuliza atakuambia "kitambo," lakini muulize alipashwa tohara na akina nani atakutajia bakoki wake wote, yaani wenzake wa rika, mpaka na yule aliyelia. Sasa hao Wafula wanne tulipowapanga kwa rika, mmoja akawa Kikwameti, wawili Nyange, mmoja Maina. Ghafla ni watu wanne tofauti wenye umri tofauti na ile kesi ikapungua nusu. Wale wawili wa Nyange ndio bado tunapigana nao lol

MjukuuWaReli
Nimerudi. Mzee Mstaafu umefika kabla sijafika. Kipande kilikuwepo.

Shangazi yangu mkubwa anaishi Bondeni. Nilimtembelea mara nne nikiuliza karatasi za babu, mara nne akasema hakuna. Mara ya tano nilienda na nyama na sikuuliza kitu, tukala, tukaongea mambo ya bei ya unga, akainuka mwenyewe akavuta mkebe wa Kimbo chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na risiti za shule, kadi za ubatizo za watoto wote sita, na karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa matundu. Wino umegeuka rangi ya chai. Kidole gumba cha babu kiko hapo, na katikati kuna mstari mweupe unaokata ile mizunguko yote. Shangazi akaweka kidole juu yake akasema, "Ehe, hiyo ni panga. Alikuwa anatuambia alijikata akichunga."

Huyo mtu sijawahi kumuona. Picha yake iko moja na imefifia mpaka uso umekuwa kama ukungu, lakini kovu lake nililiona vizuri kuliko uso.

Sasa kipande kiliandika Otieno Ogutu, 1937, kibarua wa reli, Central Kavirondo, na mahali anatoka ni Seme. Seme, siyo Asembo. Shangazi akasema karani alikosea. Baba akasema karani alikosea. Na mimi nikakubali, maana makarani walikosea kweli, unapata Othieno, Utieno, hata Tieno peke yake kama mtu amekatwa kichwa. Hiyo "karani alikosea" ilinipotezea mwaka mzima. Nilizunguka Asembo nikiuliza Ogutu aliyekuwa na mtoto wa reli. Ogutu ni wengi pia.

NyarSeme
Pole sana. Seme ni kwetu na tungekupokea huo mwaka wote 😂

Nimefanya kazi ofisi ya parokia miaka kadhaa kwa hivyo naomba nitoboe siri kidogo kwa Wakatoliki humu. Hizo kadi za ubatizo za watoto sita ziko na herufi LB na namba. Hiyo ni namba ya mstari kwenye kitabu cha waliobatizwa, Liber Baptizatorum. Kwa jina kama Otieno usiende parokia ukisema "natafuta Otieno," sekretari atakuangalia tu. Nenda na namba.

Na kama huna namba ya babu, anza na ndoa yake. Rejista ya ndoa lazima iseme kila mmoja alibatizwa wapi, kwa sababu padri wa Nakuru hawezi kufungisha ndoa mpaka ajue huyu mtu hajaoa kwingine. Halafu sasa hapa ndipo pazuri, sheria ya kanisa inataka ndoa ikishafungwa, padri aandikie parokia ya ubatizo, na kule wanaandika pembeni ya jina lake: ameoa nani, wapi, tarehe gani. Kwa hivyo ukurasa ukiwa na Petro Otieno kumi, usisome majina. Soma pembeni.

Angalia pia msimamizi wa ubatizo. Mtu wa jina la kawaida mara nyingi amesimamiwa na mtu wa jina adimu.

Parokia za huku zimegawanywa mara nyingi, kitabu cha zamani hubaki kwa parokia mama, usichoke ukiambiwa "hapa hakuna." Beba barua ya paroko wako, njoo siku ya kazi, siyo Jumapili watu wakitoka misa. Na usiombe kupiga picha ukurasa mzima, humo kuna aibu za familia za watu wengine.

Kaimosi_Wetu
Na sisi Wakweka (Quakers, wale wa Friends) je? Kwetu Friends hawabatizi kwa maji, misheni iko Kaimosi tangu 1902 na hakuna hata rejista moja ya ubatizo. Nilienda nikauliza nikachekwa

NyarSeme
Kaimosi_Wetu kweli usitafute ubatizo huko. Tafuta orodha za washiriki, kumbukumbu za mikutano yao, ndoa, na shule. Mwanafunzi wa shule ya misheni huandikwa na jina la baba na kijiji. Hata shule ya Maseno ya CMS (misheni ya Waanglikana), 1906, walikuwa wanaandika.

JamaaWaSection58
Hii uzi imenikamata sasa. Babu mkubwa wa mamangu alienda Kariakor, kikosi cha wapagazi, vita ya kwanza hakurudi. Kuna mahali jina lake liko?

Mstaafu_Kisumu
Pole kijana. Wapagazi wengi hawakuandikwa kwenye jiwe lolote. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Vita vya pili ni afadhali, askari wa King's African Rifles waliokufa wapo kwa majina na unaweza kutafuta bure kwenye tovuti ya hiyo Tume. Wa kwanza, ulizeni waliobaki nyumbani.

MjukuuWaReli
Haya sasa sehemu ya mwisho, na ndiyo ndefu.

Nilifanya vile vile NyarSeme amesema, ila mimi sikuwa nimeambiwa na mtu, nilijikwaa tu. Kitabu cha ndoa hapa Nakuru, 1947, Petro Otieno na dani yangu Rosa Auma. Kwa upande wa bwana arusi padri ameandika jina la misheni moja ya zamani huko upande wa Seme, na namba. Seme tena. Karani wa serikali anaweza kukosea, lakini karani wa serikali na padri Mholanzi wakosee mahali pamoja?

Nikaenda. Katekista akatoa kitabu kikubwa, mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia, kurasa za mwanzo mchwa wamepita. Yote ni Kilatini. Ukurasa wenyewe ulikuwa na Otieno watano, wawili kati yao wote wawili ni Petrus, wote wawili wamebatizwa 1934. Kama si ile pembeni ningebeba babu wa mtu. Mmoja pembeni ana msalaba mdogo tu, alikufa. Wa pili, wino tofauti, mwandiko tofauti: Nakuru, 1947, Rosa Auma.

Petrus Otieno, filius Ogutu et Awuor, yaani mwana wa Ogutu na Awuor. Wazazi hawakuwa wamebatizwa, wameandikiwa "pagani." Nilicheka kidogo na nikasikia uchungu pia, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee duniani nimewahi kuona jina la Awuor limeandikwa, na limeandikwa hivyo.

Jina la msimamizi sitaliandika maana watoto wake wako hai, lakini ni jina ambalo hujawahi kulisikia, na katekista alipolisoma aliinua uso akasema, "Huyu? Si ni wa boma lile pale."

Boma lile pale. Mwaka mzima Asembo, kumbe ni dakika kumi kwa miguu.

Sasa wadau sikilizeni vizuri hapa. Nilienda kwa hilo boma nimebeba faili la plastiki. Usiwahi, narudia usiwahi, kuingia kwa boma la watu usiowajua ushago na faili. Vijana wawili waliokuwa wanatengeneza boda walisimama kabla sijafika kwa mlango. "Umetumwa na nani?" Nikasema natafuta ukoo wa babu yangu. "Ukoo ama shamba?" Nikasema ukoo. "Babu yako alikuwa na shamba hapa?" Nikasema sijui, na hilo lilikuwa jibu mbaya kuliko yote ningeweza kutoa. Simu zikaanza kupigwa. Mtu akasema chifu aitwe.

Aliyeniokoa ni mama mzee sana, alikuwa ameketi chini ya mwembe anachambua mboga, akauliza kwa sauti ya juu kelele ni ya nini. Wakamwambia kuna mtu wa Ogutu. Akanyamaza, akauliza, "Ogutu jadak?"

Kwa wasiojua, jadak ni mtu aliyepokelewa kwa ardhi ya ukoo mwingine. Anapewa mahali pa kujenga na kulima, anaishi vizuri, anaoza mabinti, lakini ardhi si yake, iko na wenyewe. Akaniita niketi. Akaniuliza faili ni ya nini, nikamfungulia, akaona kipande, hakusoma, aliangalia tu kile kidole. Halafu akasema, "Otieno Jagari. Alikuwa anatuletea sukari."

Kumbe hapo kijijini hakuwa Petro wala Otieno Ogutu. Alikuwa Jagari, mtu wa gari la moshi, kwa sababu huko pia akina Otieno walikuwa wengi na walihitaji kuwatofautisha kama mimi tu.

Hadithi kwa ufupi. Ogutu alitoka Asembo na mke na ng'ombe wachache, kuna ugomvi huko ambao mama hakutaka kuutaja, akapokelewa hapa na watu wa mjombake. Nzige wa nyangweso, ile njaa ya 1931, waliwakuta hapo. Babu akabatizwa hapo, akaandikishwa kipande hapo, kwa hivyo karani hakukosea hata herufi moja. Na baba pia hakukosea. Asembo ndiko walikotoka, Seme ndiko walikaa. Mimi ndiye nilikuwa nataka jibu moja.

Ogutu akafa miaka ya 40, babu akiwa Nakuru. Wapimaji wa ardhi walipokuja, mama anasema ni mwanzo wa miaka ya 70, kila mtu alisimama kwa mpaka wake akaandikwa. Wenyewe wa ardhi wakaandikwa. Jadak ambaye hayupo ataandikwa na nani? Babu alisikia akiwa Nakuru. Hakuja. 1974 akafa.

Ndiyo hiyo sababu amezikwa hapa, jamani. Baba alikuwa anageuza stori kwa sababu alikuwa anajua.

Mama akamtuma mjukuu wake mmoja, yule yule aliyetaka chifu aitwe, anipeleke kwa gunda. Gunda ni boma lililohamwa. Hakuna nyumba, kuna ua wa minyaa umekuwa miti mikubwa, umezunguka kwa duara ambalo sasa halizungushi kitu, ndani mtama, na karibu na pale mlango ulikuwa kuna jiwe la kusagia limelala kifudifudi. Kijana akaligeuza kwa mguu, akaona aibu, akainama akaliweka vizuri kwa mkono. Hatukuongea. Tukarudi akaninunulia soda.

Mstaafu_Kisumu
Umefanya kazi kubwa kuliko makarani wengi. Rejista ya mapimo ya ardhi ipo, ukitaka. Na ukifanya sachi, yaani kuomba rekodi za umiliki, kwenye ofisi ya ardhi, kadi ya kijani itakuonyesha nani aliandikwa kwanza kwa hiyo namba na tarehe gani. Itathibitisha maneno ya mama.

MjukuuWaReli
Najua mzee, asante. Sikufanya sachi na sitafanya. Nikionekana tu kwa hiyo ofisi nikiuliza hiyo namba, habari itafika kabla ya matatu yangu, na yule mama atakuwa amenikaribisha bure.

Wafula_Chwele
Hapo umeongea. Kwetu ungekuwa ushapigwa

JamaaWaSection58
Nimepigia nyanya simu sasa hivi nikiwa nasoma hii. Anasema kipande cha babu kilikuwepo. Walikiwashia moto siku ya uhuru, mkebe wakapimia njugu mpaka ukatoboka.

MjukuuWaReli
😂😂 Muulize mkebe uko wapi hata hivyo.

NyarSeme
MjukuuWaReli nina neno moja. Umemfuata Ogutu mpaka Asembo, sawa. Na Awuor je? Awuor ni jina la mamia ya wanawake, lakini mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka, nyar (binti wa) mahali fulani, na hilo watu hawasahau. Yule mama alimwitaje?

MjukuuWaReli
Umenishika. Alisema "nyar Uyoma." Nilisikia nikaacha ipite, nilikuwa na Ogutu tu kichwani.

Shangazi nikamwambia jana. Akasema ehe, ndiyo maana babu alikuwa akikohoa anasema ni baridi ya Uyoma imemrudia, wao wakidhani ni mzaha tu. Alipelekwa huko kwa mamake akiwa mdogo, panga ile ilikuwa ni huko.

Wiki ya kwanza ya Agosti niko off. NyarSeme, kutoka kwenu mpaka Uyoma ni matatu gani? Ninabeba sukari. Faili inabaki Nakuru.